Utalii wa Jasura Ziwa Victoria: Kinachokwamisha Safari Zinazolinda Mazingira Mwanza

Boti inayotoka Capri Point jijini Mwanza hutumia dakika chache tu kufika Kisiwa cha Saanane. Mgeni hushuka gatini, hufuata njia inayopita katikati ya miamba ya granaiti, hukutana na pimbi wanaoota jua na swala pala wanaokula majani, na anapofika juu ya jabali huona upande mmoja maji yasiyoonesha mwisho, na upande wa pili jiji ambalo, kwa kujumlisha Wilaya za Nyamagana na Ilemela, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Saanane ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikapandishwa kuwa pori la akiba mwaka 1991 na kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Jina lake limetokana na Saanane Chawandi, mkazi aliyeishi hapo akilima na kuvua kabla kisiwa hakijageuzwa kuwa eneo la wanyama. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji. Nchi kavu haifiki hata kilomita moja ya mraba.

Katika eneo dogo kiasi hicho hakuna kosa linaloweza kufichika. Chupa iliyotupwa itaonekana, njia mpya iliyokanyagwa itabaki, na ndege mnandi waliofukuzwa kwenye mwamba wa kutagia hawana mwamba mwingine wa jirani wa kuhamia. Kwa sababu hiyo, Saanane ni kipimo kizuri cha suala pana zaidi: je, utalii wa jasura katika mwambao wa Ziwa Victoria unaweza kukua bila kuharibu kile ambacho wageni wamekuja kukiona?

Utalii wa jasura ni safari ambazo mgeni hutumia nguvu na ujasiri wake mwenyewe: kupiga kasia, kupanda miamba, kutembea msituni kwa miguu, kupiga kambi, kuendesha baiskeli vijijini au kuvua samaki kwa burudani. Safari hizo husifiwa kuwa rafiki kwa mazingira kwa kuwa hazihitaji majengo makubwa wala barabara za lami. Sifa hiyo ni kweli kwa nusu tu. Anayepiga kasia hatoi moshi, lakini lazima apate mahali pa kulala, maji ya kuoga, choo, na boti ya kumfuata endapo hali ya hewa itabadilika. Mambo hayo ya kawaida, ambayo hayapigwi picha, ndiyo yanayoamua kama safari imelinda mazingira au la.

Ziwa lenye kazi nyingi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800 na linagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, Tanzania ikiwa na sehemu kubwa zaidi. Katika Mkoa wa Mwanza pekee, zaidi ya nusu ya eneo la mkoa ni maji. Hata hivyo, ukubwa huo usimdanganye mtu kuwa kuna nafasi tupu inayosubiri watalii. Kina cha wastani ni mita 40 hivi, na shughuli nyingi za binadamu zimebanana kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe na ghuba.

Humo ndimo yanamochotwa maji ya kunywa ya jiji, ndimo sangara na dagaa wanamoshushwa, ndimo nguo zinamofuliwa na mifugo inamonyweshwa. Vizimba vya kufugia samaki, ambavyo Serikali imekuwa ikivihamasisha ili kupunguza shinikizo la uvuvi, navyo huhitaji maji tulivu ya ghuba, yaleyale yanayopendwa na mwenye kayaki. Usiku wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na kwa mtu aliye hotelini mwanga ule ni mandhari ya kupendeza. Kwa mvuvi ni zamu ya kazi, na mtumbwi wa mtalii usio na taa katikati ya nyavu ni hatari kwake na kwa mgeni.

Mwambao mzima haujapangwa kwa namna inayoeleza wapi ni pa vizimba, wapi ni pa mazalia ya samaki, na wapi wageni wanaweza kupiga kasia. Mahali ambapo mpango huo haupo, makubaliano hufanyika kwa mdomo kati ya mwenye hoteli na Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) cha mwalo husika. Makubaliano ya namna hiyo hufaa watu wanapofahamiana. Kampuni ngeni inapofika na boti kumi kwa mpigo, hayatoshi.

Ipo pia historia inayopaswa kumfanya kila mmoja awe mwangalifu. Sangara, samaki anayewavuta wavuvi wa burudani kutoka mbali, si wa asili ya ziwa hili. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na furu, samaki wadogo ambao watafiti walikuwa wakihesabu mamia ya aina zao, wakapungua vibaya, nyingine zikitoweka kabisa. Ghuba ya Mwanza ni miongoni mwa maeneo ambako mabadiliko hayo yalichunguzwa kwa karibu zaidi. Gugumaji nalo liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo hufunga bandari ndogo na mialo pindi upepo unapolisukuma. Vipande vyake husafiri vikiwa vimenasa kwenye boti, kamba na nyavu. Kuosha kayaki kabla ya kuihamishia kwenye bwawa au mto mwingine ni kazi ya dakika kumi ambayo waongozaji wengi bado hawaifanyi.

Choo, konokono na mgeni anayeogelea

Changamoto kubwa kuliko zote mwambaoni haitajwi kwenye vipeperushi vya safari. Nayo ni majitaka.

Mwanza ni jiji la miamba. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye vilima ambako kuchimba shimo la choo ni kazi ngumu na kulaza mabomba ya kawaida ni gharama kubwa. Katika baadhi ya mitaa ya milimani umejengwa mfumo wa majitaka uliorahisishwa, wenye mabomba membamba yanayopita juu au kando ya miamba hadi kwenye mtandao mkuu. Penye mfumo huo hali imebadilika. Pasipo na mfumo, mvua husomba uchafu hadi Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga ziwani. Rutuba iliyozidi kutokana na majitaka, mbolea na udongo wa mashambani hulisha mwani na gugumaji.

Katika mialo na visiwa vidogo vya wavuvi, tatizo hilo lina sura nyingine: kichocho. Vimelea vya kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea zaidi kandokando ya ziwa, hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, huingia ndani ya konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni, kisha huachiwa majini na kupenya ngozi ya mtu yeyote anayeoga, kuvua au kupiga kasia. Havichagui mwenyeji wala mgeni. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa nchini, na Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeutafiti ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Dawa ipo. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, na Serikali huigawa kwa watoto shuleni. Lakini dawa haizuii mtu kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini. Kinachokata mzunguko ni choo kinachotumika na maji safi yanayopatikana mbali na ufukwe wenye majani.

Hapo ndipo utalii unapokutana na afya ya jamii. Hoteli ya mwambaoni inaweza kuwa na umeme wa jua, mianzi badala ya mabati, na bango lenye neno “kijani” mlangoni, lakini ikiwa mwalo wa jirani wenye mamia ya wavuvi una choo kimoja kilichojaa, wageni wake wataogelea katika maji yaleyale. Kuchangia ujenzi wa vyoo vya mwalo, kwa hiyo, kusichukuliwe kuwa hisani ya mwekezaji kwa kijiji. Ni sehemu ya gharama ya biashara yake. Vivyo hivyo kwa kambi za muda: kundi la watu kumi na wawili wanaolala siku tatu kisiwani bila choo huacha madhara ambayo hakuna kiasi cha chupa zilizookotwa kitakachoyafidia.

Mgeni naye anastahili kuelezwa ukweli. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa saa za mchana konokono wanapoachia vimelea kwa wingi, na hupungua kwenye maji ya wazi mbali na ufukwe. Aliyegusana na maji anashauriwa kupima na kutibiwa majuma kadhaa baada ya safari, kwa kuwa kipimo cha mapema huweza kukosa kuonesha maambukizi. Waongozaji wanaoficha habari hizi wakihofia kupoteza wateja huwapoteza baadaye, wageni wanapougua wakiwa wamesharudi makwao.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, mto au bahari endapo zinaweza kuathiri ulinzi wa mazingira ya eneo hilo. Kifungu hiki ndicho kinachogombanisha watu wengi zaidi mwambaoni, kwa sababu mtalii hutaka chumba kinachotazama maji na mwenye hoteli hutaka kumpa.

Ziwa lenyewe limeongeza ugumu. Mwezi Mei 2020 kina cha maji kilifikia kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 kikakipita. Bustani, magati na vibanda vilivyokuwa nchi kavu vilijikuta majini. Waliokuwa wamepima mita 60 kutoka ukingo wa miaka ya ukame walibaki na umbali mfupi zaidi, na baadhi hawakubaki na umbali wowote. Waliojenga kwa vifaa vya kuhamishika, mahema juu ya majukwaa ya mbao kwa mfano, walisogea juu wakaendelea na kazi. Aina hiyo ya ujenzi hailingani kwa fahari na hoteli ya zege, lakini katika ziwa linalopanda na kushuka ndiyo yenye akili zaidi.

Utulivu wa kasia na sauti ya injini

Safari ya kimya kwa kasia ndiyo inayotangazwa. Kwa sababu za usalama, hata hivyo, kundi la kayaki huhitaji kusindikizwa na boti yenye injini. Injini za zamani za mizunguko miwili, zinazochanganyiwa oili na petroli, hutoa sehemu kubwa ya mafuta hayo bila kuungua, nayo huishia majini. Injini za mizunguko minne huchafua kidogo zaidi, hazina kelele nyingi na hula mafuta machache, ila bei yake ya kununua iko juu, na mafundi wa mialoni wamezoea zile za zamani ambazo vipuri vyake hupatikana kila mahali.

Kuiacha boti ya usalama si chaguo. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, na unapokutana juu ya maji yenye joto hewa hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku wa manane hadi alfajiri. Wakazi wa Mwanza hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kupoteza mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe, ambako watu zaidi ya 220 walifariki dunia. Vyombo hivyo havikuwa vya utalii, lakini maji ni yaleyale. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ukaguzi wa vyombo unaofanywa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na jaketi okozi kwa kila abiria hutangulia mjadala wowote kuhusu uhifadhi.

Rubondo: wageni wachache, mapato machache

Magharibi mwa Mwanza, katika Mkoa wa Geita, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambayo kwa wapenzi wa jasura ndiyo kilele cha safari ya ziwa hili. Ilitangazwa mwaka 1977 na ina takribani kilomita za mraba 457, zaidi kidogo ya nusu yake ikiwa nchi kavu iliyofunikwa na msitu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Jumuiya ya Wanyamapori ya Frankfurt walipeleka huko sokwemtu 17 waliokuwa wakiishi katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wakawaachia msituni. Tembo na twiga nao walipelekwa. Nzohe, viboko na mamba walikuwapo tangu awali.

Sokwemtu hao walizaana na kurudia maisha ya porini, na leo wageni huwafuatilia kwa miguu. Mnyama aliye karibu na binadamu kinasaba huambukizwa mafua ya binadamu pia. Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwemtu kadhaa mwaka 2006. Kwa hiyo barakoa, umbali wa mita 10, kundi dogo na muda mfupi wa kuwatazama ni masharti yasiyopaswa kulegezwa hata mgeni aliyelipa fedha nyingi anapolalamika. Mgeni mwenye kikohozi hubaki kambini.

Kabla kisiwa hakijahifadhiwa, waliishi humo jamii za wavuvi, ambazo zilihamishiwa maeneo jirani katika miaka ya 1960. Maji yanayokizunguka ni mazalia ya samaki na hairuhusiwi kuvua humo bila kibali. Kitaalamu mazalia hayo yanawanufaisha wavuvi wa nje ya mpaka, maana samaki hawana uzio. Lakini mvuvi wa Nkome au Muganza huona kwanza eneo alilozuiwa. Wageni wa Rubondo wakiwa wachache, mazingira hutulia, ila mapato yanayofika vijijini huwa madogo, na hoja ya uhifadhi hupungua nguvu mbele ya mtu mwenye nyavu na familia. Wakiwa wengi, mapato hupanda pamoja na shinikizo juu ya msitu. Hakuna namba ya kichawi hapa. Kinacholeta tofauti ni sehemu gani ya fedha ya mgeni huachwa Nkome na Muganza: boti imekodiwa kwa nani, chakula kimenunuliwa wapi, mwongozaji ametoka kijiji gani.

Njia ya kufika huko nayo imebadilika. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita tatu, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa nzima au zaidi imebaki simulizi. Mgeni aliyekuwa akichagua ndege ndogo kutoka Mwanza kwa kuhofia kivuko sasa ana njia ya barabara inayotumia mafuta machache kwa kila abiria, hasa kundi linapopanda gari moja, na inayompitisha Sengerema na Geita ambako atanunua kitu. Njia hiyohiyo inaweza pia kuleta wageni wa siku moja wanaoacha taka na kuondoka.

Ukerewe na ruhusa ya wenyeji

Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa barani Afrika, hufaa sana kwa baiskeli. Barabara zake zinapita katikati ya mashamba ya muhogo, mpunga na machungwa, na hakuna haja ya kujenga chochote kipya ili kumpokea mwendesha baiskeli. Ukara, kisiwa cha jirani, kina jiwe maarufu linaloitwa jiwe linalocheza. Mahali kama hapo pana wazee wake na taratibu zake, na hapapandwi kama ukuta wa mazoezi. Waongozaji wa nje wanaofika na wageni bila kupita kwa uongozi wa kijiji wamekuwa wakiharibu uhusiano kwa wote watakaofuata.

Miamba ya Mwanza mjini nayo iko mashakani kwa njia isiyohusiana na watalii: hupasuliwa kokoto, huchorwa matangazo ya biashara, huzingirwa na nyumba. Mpanda miamba anayelipa kiingilio kwa serikali ya mtaa huupa mtaa sababu ya kuuacha mwamba ulivyo.

Taratibu kwa anayetaka kuanza

Mwananchi au kikundi kinachokusudia kuanzisha safari za jasura mwambaoni huhitaji kusajili biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kupata leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na kuhakikisha kila chombo cha majini kimekaguliwa na kusajiliwa na TASAC. Shughuli ndani ya hifadhi huhitaji kibali cha TANAPA, na uvuvi wa burudani una leseni yake. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mwongozaji anapaswa kumweleza mgeni hilo kabla hajafunga mizigo yake.

Ujenzi wowote wa kambi au hoteli huanzia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwa ajili ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Wengi hulifikia Baraza baada ya msingi kumwagwa, wakati ambapo kusogeza jengo nyuma ni kulibomoa. Mtu akienda mapema, akiwa na mchoro tu mkononi na alama ya ukingo wa maji ya mwaka 2024 kwenye kiwanja chake, mita 60 humgharimu karatasi moja ya kuchora upya.